Ngoma mpya za andagraundi ukiwa Dodoma: Bandcamp, Audiomack, YouTube au kibanda cha flashi?

Mtemi wa Makole (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Mbukwenyi wadau. Nina miezi sita najaribu kitu, nimeona nilete hapa mnipige mawe mapema.

Nafanya kazi Mtumba, nakaa Makole. Kwenda na kurudi napata kama saa moja na nusu ya kusikiliza muziki kila siku. Nimechoka kulishwa waimbaji walewale kumi. Nataka hip hop ya mistari ambayo haijafika redioni, na muziki wa mashine: singeli na ndugu zake. Nikikutana na kitu kizuri nakiandikia uchambuzi mfupi kwenye chaneli yangu ya WhatsApp (watu 61, wawili ni shemeji zangu).

Bajeti ni bando la elfu kumi kwa mwezi, na elfu tano ya kununulia muziki. Niliyoyaona:

YouTube ina kila kitu, na shida inaanzia hapohapo. Video inakula bando, na simu yangu iko mfukoni, kwa hiyo nalipia picha nisizoziona.

Audiomack ina huruma na mfuko. Unahifadhi wimbo ukiwa kwenye waifai, njiani unasikiliza bila bando. Andagraundi wengi wa Bongo wamo. Kinachoniudhi ni maelezo: msanii kaandika jina la wimbo, kaweka picha amevaa miwani, basi. Nani kapiga biti? Nani kamiksi? Kimya.

Bandcamp kwangu ndiyo namba moja. Unanunua albamu, unapakua faili kwa ubora unaoutaka mpaka FLAC (faili lisilopoteza ubora), na ukurasa mara nyingi unakwambia nani katengeneza na wapi. Huko ndiko nilikokutana na Sounds of Sisso, mkusanyiko wa 2017 wa vijana wa studio ya Sisso ya Mburahati, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kutoka hapo nikamfikia Bamba Pana, Jay Mitta, halafu DJ Travella na Mr Mixondo yake ya 2022. Kwenye mauzo ya faili Bandcamp inakata asilimia 15, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo haikati kitu. Kwa elfu tano yangu nadunduliza miezi mitatu minne ndiyo ninunue albamu moja. Sijutii.

Kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi sijakanyaga tangu 2016. Nakiweka mkiani.

Haya, nipigeni.

Fundi Flashi (Jumapili, saa 3:15 usiku)

Kijana, kitu hujakigusa tangu 2016 halafu unakipanga cha mwisho? Huo si ulinganisho, hiyo ni kumbukumbu.

Mimi nilianza na kanda, nikaja CD, sasa flashi na memori kadi, maeneo ya Jamatini. Ngoja nikueleze zinavyoingia. Dogo anakuja Alhamisi na kadi yake mwenyewe: "Mzee, nisaidie kuisukuma hii." Simchaji. Naichanganya na nyimbo za watu wenye majina. Ijumaa jioni bodaboda wanakuja kujaza. Jumatatu nina majibu. Bodaboda akirudi kuniuliza "ule wa yule dogo unaitwaje", najua pana kitu. Wasiporudi hata wawili, najua pia. Bodaboda hana undugu na msanii, ngoma ikimchosha anairuka hata abiria akiwa mgongoni.

Kasoro zipo, sizifichi. Majina ya mafaili ni aibu: "Track 07", "mpya kali", "mpya kali 2". Katikati DJ anajitangaza. Na ubora: wimbo wa dakika nne wa kilobiti 320 unakula karibu MB 10, wa 128 kama MB 4. Mteja ana kadi ya GB 8. Anataka nyimbo mia nane au elfu mbili? Elfu mbili. Basi namtilia za 128, na nyingine zilishabanwa mara mbili kabla hazijanifikia.

Bint Kondoa (Jumapili, saa 4:02 usiku)

Shikamoo mzee Fundi. Hiyo ya bodaboda nimeipenda.

Kaka Mtemi, mimi nina neno na hiyo namba moja yako. Singeli unayoipata Bandcamp ni ya kweli, lakini imepita kwenye chujio la watu wa Kampala wenye soko lao Ulaya. Sehemu kubwa ni biti tupu: mashine, kasi, kelele tamu. Sasa nenda Manzese au Tandale penye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha. Singeli pale ni MC. Ni mtu anayemtaja mwenye sherehe, anamsuta jirani, anachekesha, na mistari inakwenda kwa kasi ileile ya ngoma, mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Msaga Sumu hakupewa ufalme wa singeli kwa sababu ya biti. Kapewa kwa mdomo.

Nakupa mfano wangu. Nilimpigia rafiki yangu wa Ujerumani singeli yenye maneno, akaniuliza kama kuna toleo "safi" lisilo na mtu anayeongea. Nilicheka mpaka machozi. Kwake yule MC alikuwa uchafu juu ya wimbo.

Kwa hiyo kabla hujaandika uchambuzi, jiulize dirisha lako linatazama wapi. Bandcamp kwa kununua, sawa kabisa. Kwa kugundua, inakuonyesha kilichokwishagunduliwa na mtu mwingine.

Kelele Tupu (Jumapili, saa 4:10 usiku)

Singeli nayo muziki? Ni mashine ya kusaga iliyokosa mahindi.

Bint Kondoa (Jumapili, saa 4:12 usiku)

Na bado harusi ya dada yako uliicheza.

Kelele Tupu (Jumapili, saa 4:19 usiku)

Nilisukumwa.

Ilimba 808 (Jumatatu, saa 1:30 asubuhi)

Habari za asubuhi wakubwa. Niko UDOM, natengeneza biti chumbani, kwa hiyo naongea kama mtu wa upande wa pili.

Kwanza hilo neno andagraundi. Marekani ni msimamo: mtu kaamua kukaa nje ya lebo kubwa. Kwetu ni foleni. Ukimwita mtu andagraundi unamaanisha bado hajatoka, na yeye mwenyewe anasali atoke kesho. Wachache ndio waliosimama pale kwa kupenda, kama kundi la Tamaduni Muzik la kina Nikki Mbishi na One the Incredible, ambao mistari kwao ilikuwa kwanza na redio baadaye. Mtemi anatafuta wa aina hii kwa chombo kinachomletea wa aina ile. Atachoka. Na hip hop ya huku haijaanzia sifuri, mchanaji Moni Centrozone jina lake tu linaitangaza kanda ya kati.

Pili, hamjataja SoundCloud. Kwa muziki wa mashine ndiko watu wanakotupa vitu ambavyo havijaiva. Mimi natupa humo majaribio yangu, na mengine nawagawia washikaji wanaochana. Nikishagawa sijui yanaishia wapi.

Tatu, mnatafuta muziki wa elektroniki mbali wakati uko Chamwino. Nasema kwa maana hii: nimerekodi ilimba ya babu mmoja, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ile mikwaruzo unayoisikia inatoka kwenye vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, ukipiga chuma utando unavuma. Prodyuza wa kisasa ananunua programu kupata mkwaruzo huo. Shida ni noti. Ngazi ya Wagogo haifuati kinanda, kwa hiyo ukiweka besi ya kawaida chini yake zinagombana kama wake wenza. Nilihangaika wiki nzima, mwishowe nikaishusha besi kidogo, chini ya noti, mpaka zikapatana. Hukwe Zawose wetu, mpiga ilimba wa Kigogo, alishafika huko kabla: 2002 alitoa albamu ya Assembly na Michael Brook. Na 2024 The Zawose Queens, Pendo na Leah, wakatoa Maisha, zeze na ilimba pamoja na mashine. Zote mbili zilitolewa na lebo ya Uingereza, Real World. Sijui kwa nini mtu wa Makole ayasikie haya kwa kupitia Uingereza, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Mstari wa Nne (Jumatatu, saa 7:20 mchana)

Wote mnashindanisha maduka. Mimi niongelee uchambuzi, maana kupata ngoma ni kazi ya dakika tano, kuisema ukweli ndiko watu wanakoanguka.

Mwaka juzi niliandika kuhusu miksitepu ya kundi moja la hapa mjini. Nikasema vina vizuri, ila nyimbo nne kati ya tisa zina hadithi moja: tumetoka mbali, maadui wanatuonea wivu. Maadui gani, na wimbo una wasikilizaji 80? Jioni hiyo nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja wao alikuwa jirani, na mpaka leo tukikutana kisimani kwenye koki anaangalia ndoo.

Nilichojifunza ni kusikiliza mara tatu kabla ya kuandika. Ya kwanza kwa hedifoni, usikie kilichomo. Ya pili kwenye spika mbovu ya bajaji, maana huko ndiko wimbo utaishi. Ngoma nyingi za singeli zimemiksiwa kwa ajili ya spika zinazopasuka, na ukizisikiliza kwa hedifoni ya bei mbaya unazionea. Ya tatu nasoma mistari peke yake, nimeiandika kwenye karatasi, biti imezimwa. Hapo ndipo mchanaji wa kweli na mwenye biti kali wanapoachana njia.

Swali la wapi? Audiomack kwa hip hop, SoundCloud kwa mashine. Bandcamp nikipata hela. YouTube kwa ajili ya kuona nani anafuatana na nani kwenye video. Kibanda sijui.

Mtemi wa Makole (Jumatatu, saa 2:05 usiku)

Nimepigwa vya kutosha. Mzee Fundi, shikamoo, nakuja Jamatini wiki hii. Nitaweka elfu tano yote kibandani, Bandcamp isubiri.

Fundi Flashi (Jumatatu, saa 2:30 usiku)

Marahaba. Usije mchana wa jua, njoo jioni. Na usiniombe "mpya kali". Niambie unataka nini.

Mtemi wa Makole (Jumapili iliyofuata, saa 3:00 usiku)

Ripoti.

Nilimwambia mzee: nipe ambavyo havijatoka, vya Dodoma tu. Akanitazama, akafungua folda moja ndani ya folda nyingine, akanipa nyimbo 43. Kanichaji elfu mbili, soda ya elfu moja nikamnunulia.

Kati ya 43, nane ni wimbo mmoja wenye majina tofauti. Kumi na tano hivi zina ile hadithi ya maadui aliyoisema Mstari wa Nne. Sita sauti imepasuka tangu studio. Nilifika ya thelathini nikiwa nimeanza kuikumbuka Bandcamp kwa machozi.

Halafu kuna faili linaitwa "FINAL FINAL 3". Dogo mmoja anachana kuhusu kiwanja cha mama yake. Wapima wamekuja, bikoni imechomekwa, asubuhi bikoni imesogea hatua nne na jirani anamwagilia mzabibu juu ya alama. Ubeti wa pili anaongea kama bikoni yenyewe: inasema imechoka kubebwa usiku, inajua mikono ya kila mtu mtaani. Hasemi nani mwizi. Anataja mikono tu: wenye vidonda vya jembe, wenye saa, wenye pete. Nimeiandika kwenye karatasi kama mlivyonifundisha na mistari imesimama bila biti. Sauti yake bado changa, pumzi inamwishia kwenye mistari mirefu, na kiitikio ni cha kujaza nafasi, kina mpaka namba ya simu ya studio. Lakini ubeti ule wa pili sijausikia popote.

Biti nayo si ya kawaida. Taratibu kwa singeli, kasi kwa hip hop. Kuna chuma kinalia kama ilimba kwa mbali, na besi yake ni ya ajabu, kama iko nje ya noti lakini haiudhi.

Msimamo wangu sasa: Bandcamp bado namba moja kwa kununua na kwa kujua nani kafanya nini. Kugundua, kibanda kimenishinda. Nyimbo 43 kwa moja ni hesabu mbaya, najua, ila hiyo moja isingenifikia kwa njia nyingine. Tatizo: nataka kuiandikia na sina jina la mtu hata mmoja.

Bint Kondoa (Jumapili, saa 3:11 usiku)

Kaka, tupe hiyo ngoma tafadhali. Bikoni inaongea!

Ilimba 808 (Jumapili, saa 3:26 usiku)

Mtemi, hiyo ilimba inaingia mwanzoni au baada ya kiitikio?

Mtemi wa Makole (Jumapili, saa 3:28 usiku)

Baada ya kiitikio cha kwanza. Inakata, kuna mtu anakohoa kwa nyuma, halafu inarudi.

Ilimba 808 (Jumapili, saa 3:29 usiku)

Anayekohoa ni babu. Biti ni yangu. Nilimpa mshikaji wa Nkuhungu mwezi wa nne, na wameipandisha kasi. Sijui kama nicheke au nidai.

Fundi Flashi (Jumapili, saa 3:50 usiku)

Cheka kwanza. Huyo dogo anapita kwangu Ijumaa kuchukua kadi yake. Njoo jioni, na Mtemi naye aje, ila safari hii soda ni ya watu wanne.