Mtoto wa miaka 6 hasomi hata silabi moja: nianze na sauti gani?

Mama Chanda
Jambo wote. Niko Lubumbashi, Kongo, komini ya Kampemba. Mwanangu ametimiza miaka 6. Anaimba alfabeti yote, A mpaka Z, bila kuruka, lakini ukimwandikia "mama" anatazama dari. Jana madamu wake ameniambia yuko nyuma ya wenzake. Nimeamua kumfundisha mwenyewe nyumbani kwa njia ya sauti: kila herufi na mlio wake, halafu kuunganisha. Nianze na herufi zipi? Dakika ngapi kwa siku? Nisaidieni, usiku silali.

Bukari Moto
Siye tulisoma na fimbo, mama. Tofauti ya b na d mimi niliijulia mgongoni, na sijaisahau mpaka leo.

Mwalimu wa Katuba
Acha fimbo, ndugu. Mama Chanda, kuimba alfabeti si kusoma. Ukimwambia mtoto hii ni "em" na hii ni "a", akiziunganisha anapata "ema", si "ma". Anza na irabu tano, a e i o u, kwa Kiswahili, kwa sababu kwetu hazigeuki. Kisha m, kwa kuwa inavutika: mmmm, mpaka ikutane na a. Baadaye l na s, nazo zinavutika. Kwa herufi hizo nane tu ana mama, mimi, lala, lima, sema, masomo. B na d zije nyuma, na usizipe irabu: fungua midomo tu, b, si "be". Mb, nd, ny na ng' ziwe za mwisho. Dakika 10, mara mbili kwa siku, na uache kabla hajachoka yeye. Ila hukusema unatumia lugha gani.

Da Furaha
Wangu alijifunzia kwenye ndoo ya rangi! Mkwe wangu alikuwa anapaka nyumba, ndoo ikabaki uani wiki mbili, mtoto akawa anafuata herufi zake kwa kidole. Mkwe huyo huyo ndiye aliyesema binti hahitaji kusoma. Leo akipata mesaji kwenye simu anamwita nani amsomee? Ningeeleza mengine lakini ana ndugu humu.

Mama Chanda
Aksanti mwalimu. Lugha ni Kiingereza. Dada yangu yuko Ndola, Zambia, alinitumia video nzuri sana, herufi zinacheza na kuimba. Msinicheke. Kila anayefanya biashara hapa anavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, na Kiingereza ndicho kinachovusha mzigo.

Mwalimu wa Katuba
Sikucheki, lakini fundo liko hapo. Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44. A ya "cat", ya "cake" na ya "ball" ni tatu mbalimbali. Madamu naye anaandika "chat" kwa Kifaransa: ch inakuwa sh, t haisemwi kabisa. Kwa Kiswahili ch ni ya chai. U yetu wao wanaiandika ou, na u yao sisi hatunayo. Herufi moja, mabwana watatu. Mtoto anayenyamaza hapo si mjinga. Mpe Kiswahili kwanza, ajue kwamba kusoma ni kuunganisha. Sheria ya masomo ya 2014 yenyewe inaruhusu lugha zetu za taifa zifundishie. Kifaransa kitakuja, na ou na on zake.

Papa Kombi
Mama, hizo video mutoto anaangalia saa ngapi?

Mama Chanda
Saa tatu asubuhi, kura (umeme) ikiwepo. Ndipo kichwa chake kiko safi.

Papa Kombi
Saa tatu ya asubuhi mutoto wa primeri iko ku kalasi.

Mama Chanda
Sawa. Hajaenda tangu vakansi ya Noeli. Ni masomo ya kulipa, kalasi imejaa, madamu anasomesha safu ya mbele tu. Minervali, ile ada ya trimesta, nikanunulia tableti. Sikuila hiyo pesa, tableti ipo, ninayo mkononi. Baba yake anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Hajui. Nilitaka akirudi akute mtoto anasoma, hapo hatauliza mengi.

Da Furaha
Yesu wangu.

Mama Imani
Nyumba hujengwa kwa ukweli, dada. Bwana anakunywa vumbi la mgodi, wewe unamchezea video. Na primeri ya serikali ni bure tangu 2019, ungempeleka huko.

Bukari Moto
Mimi niko Kolwezi. Bwana yako anavaa kofia ya rangi gani, nimupe salamu?

Papa Kombi
Ngojeni. Mwanzo aliandika "jana madamu wake ameniambia". Madamu gani, kama mutoto hajafika kule tangu Noeli? Hii hadithi imetungwa. Kesho mutaona: "Nauza tableti ya sauti, kuja inbox."

Da Furaha
Nami nilishangaa dada wa Ndola kutokea ghafla. Lakini kama anauza aseme, nina wajukuu.

Mwalimu wa Katuba
Akiwa ametunga, herufi sikuzitunga mimi. Mwingine atazitumia.

Mama Chanda
Madamu nilikutana naye sokoni, komini ya Kenya, kwenye samaki. Akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikajibu ndiyo. Akasema basi anabaki nyuma. Sikuandika hivyo kwa haya, Papa Kombi, si kwa biashara.

Papa Kombi
Tuma picha ya daftari.

Mama Chanda
Mega za intaneti zinaisha, picha haipandi. Na daftari hakuna. Leo kura ilikatika, tableti ikazima, nikachukua kaa la jikoni nikaandika ukutani m na a. Akavuta mmmm mpaka nikadhani atakosa pumzi. Akasema "ma". Mara mbili. Akanigeukia: "Ni wewe?" Nikaweka l. Akasoma "lala", akalala chini palepale, sakafuni, macho amefunga.

Papa Kombi
Hm. Hiyo ya kulala haukuitunga.

Mwalimu wa Katuba
Kesho s. Na Kolwezi piga simu leo, ukuta utauficha vipi?

Mama Chanda
Nimepiga. Haipatikani. Nitajaribu saa mbili usiku akitoka kazini.

Bukari Moto
Sasa hiyo tableti unaitoa bei gani?