"Kufuli iko wapi?" Leo nimedhalilishwa mbele ya timu nzima

Kurasa4096 (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kichwa. Yule bwana anayekagua kazi zetu amefanya yake tena. Simtaji. Mnamjua, hata seva zinamjua, akifungua pachi yako (mabadiliko ya msimbo) feni zinaanza kulia.

Kwa wasiojua kisa: kaunta ya kumbukumbu (RAM) kwenye kerneli yetu, yaani moyo wa mfumo endeshi, ni ya enzi za mawe. Prosesi ikiomba ukurasa mmoja tu wa baiti 4096, inakamata spinloki (kufuli: mmoja akiishika wengine wanasubiri wakizunguka), inaongeza moja, inaachia. Inapanda kwa kikundi mzazi (prosesi zimepangwa kwa vikundi, kimoja ndani ya kingine): kamata, ongeza, achia. Inapanda kwa babu: kamata, ongeza, achia. Mashine ina kori (viini vya prosesa) 64. Moja inahesabu, 63 zimesimama mlangoni zinazunguka palepale na kula umeme. Ukifungua perf (programu ya kuona muda unaliwa wapi), unachokiona juu kabisa ni kufuli. Kazi yenyewe unaitafuta chini huko kwa tochi.

Nikakaa wiki tatu. Nimekonda, mkanda nimetoboa tundu jipya. Kila kori nikaipa akiba yake: inachota kurasa 32 kwa mpigo kutoka kaunta kuu, inatumia taratibu bila kumsumbua mtu, zikiisha ndiyo inarudi. Kaunta kuu nikaifanya ya atomiki (inaongezwa kwa hatua moja isiyokatizwa, haihitaji kufuli). Kichwa cha pachi, kwa herufi kubwa: KUONDOA KUFULI KWENYE HESABU YA KUMBUKUMBU.

Leo kikaoni, watu kumi na mmoja, pachi iko ukutani. Anaishusha mpaka mwisho. Anaipandisha mpaka juu, pale penye kichwa cha habari. Anavua miwani.

"Kufuli iko wapi?"

KUFULI. IKO. WAPI.

Wakuu, mtu amekuja mwenyewe umnyoe upara, umemaliza, anashika kioo anakuuliza nywele ziko wapi!

Na hajaishia hapo. Kaichukua kibodi yangu, MBELE YANGU, kaizungushia spinloki ile kaunta ya atomiki. "Kwa usalama." Watu kumi na mmoja wanaangalia. Mmoja alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna.

Kufuli iko wapi. Nitazeeka nayo hii.

BintiKompaila
Hahahaaa "akaacha kutafuna". Pole mkuu. Naweka kambi hapa.

MzeeWaIntarapti
Kijana punguza povu. Intarapti (kifaa kikikatiza kori ili kihudumiwe kwanza) ikiingia kwenye kori hiyohiyo katikati ya kuchota akiba, na yenyewe inaomba kumbukumbu, je? Hesabu si inaharibika? Labda ndicho alichokuwa anauliza.

Kurasa4096
Mzee, intarapti nimezizima kwa ile mistari minne tu! Ipo kwenye pachi! Angeisoma angeiona! Kwani wewe ndiye yeye?

MzeeWaIntarapti
Mimi siye. Ila miwani ninavaa.

NipoNipoTu
Samahani wakuu nimechelewa, hili ni kufuli la aina gani? La geti au la pikipiki? La pikipiki ukimwagia mafuta linaachia.

BintiKompaila
@NipoNipoTu nimecheka mpaka kompaila imegoma.

Kurasa4096
Kinachoniuma zaidi, hili jambo wenzetu walilimaliza zamani. Hesabu ya kumbukumbu kwa vikundi iliingia kwenye Linux mwaka 2008, toleo 2.6.25, na ilikuwa na kaunta ya spinloki kama hii yetu. Toleo 3.19 wakaitupa, wakaleta page_counter ya atomiki isiyo na kufuli. Akiba kwa kila kori wanayo miaka na miaka. Ilikuwa kurasa 32, mwaka 2022 wakaona hata 32 ni uchoyo, wakapandisha hadi 64. Sisi huku mtu anavua miwani.

ShimoLaOOM
Ngoja nimtetee kidogo yule bwana, msinipige. Kurasa 32 ni KB 128. Zidisha kwa kori 64, hiyo ni MB 8 zimekaa kwenye mifuko ya kori, zimehesabiwa kuwa zimetumika na hazijatumika. Kikundi chenye kikomo kidogo kitagonga dari bado kina chenji. Kabla ya kumwita muuaji wa OOM (anayeua prosesi kumbukumbu ikiisha), akiba zote zinatakiwa zirudishwe kwanza. Umefanya hivyo?

Kurasa4096
Nimefanya.

ShimoLaOOM
Kweli umefanya?

Kurasa4096
Pachi ya tatu katika mfululizo. Hakuifikia. Aliishia ya kwanza, akavua miwani, akasema KUFULI IKO WAPI.

Mwalimu_Ngeli
Mleta uzi, kufuli LIKO wapi. Kufuli, makufuli. Ngeli ya LI-YA. Umerudia kosa hilo mara tano na wewe ni mtu mzima.

Kurasa4096
NIMEMNUKUU!!!

Mwalimu_Ngeli
Ukinukuu kosa, liwekee alama.

MtuWaSeva
Nyie mnalia kwa kufuli la kuhesabu, mimi nina msiba wa kusoma hesabu. Hapa kwetu kuna mwenzetu wa monita (naye simtaji) ameweka programu inasoma memory.stat (faili la takwimu za kumbukumbu) ya kila kikundi kila sekunde. Vikundi ni mamia. Kila ukiomba kusoma, kerneli inaanza kuzunguka kori moja baada ya nyingine kukusanya vitakwimu vilivyosambaa, na kwenye toleo letu makusanyo hayo yanapita chini ya kufuli moja la mashine nzima. Yaani kipimo ndicho kinachoiumiza mashine, kisha grafu yake inamwonyesha mashine inaumwa, naye anaongeza kasi ya kupima!

BintiKompaila
Huyu amekushinda @Kurasa4096, mpe uzi.

ShimoLaOOM
@MtuWaSeva mwambie asome kila sekunde 30.

MtuWaSeva
Nimemwambia. Kasema "tutakosa matukio". Matukio gani wakati tukio ni yeye?

LainiMoja64
Mimi yangu ndogo. Niliondoa kufuli kama mleta uzi, nikafurahi, nikapima: kasi ileile. Kumbe kaunta inayoandikwa kila mara na kikomo kinachosomwa kila mara vimekaa laini moja ya kache (kipande cha kumbukumbu ya haraka ya prosesa), baiti 64. Kori moja ikiandika, nyingine zote zinapoteza nakala zao. Nikavitenganisha. Kwenye mapitio nikaulizwa kwa nini napoteza nafasi. Baiti 56!

Kurasa4096
Aliyekuuliza alivua miwani?

LainiMoja64
Alivua.

Kurasa4096
NI YEYE. Nilijua tu.

MzeeWaIntarapti
Narudia, siye mimi.

KisiwaChaMaandishi
Mwalimu, sisi tunasema kufuli hii, kufuli zile. I-ZI. Usitulazimishe makufuli.

Mwalimu_Ngeli
Mnasema mnavyosema. Wingi wa kufuli ni makufuli.

KisiwaChaMaandishi
Na wingi wa spinloki je?

Mwalimu_Ngeli
Spinloki ni la kukopa, I-ZI.

KisiwaChaMaandishi
Na kufuli nalo lilikopwa, kutoka Kiarabu. Haya jibu.

BintiKompaila
Umesema "nalo". Umejifunga mwenyewe mkuu.

Kurasa4096
Wakuu, nawaomba turudi kwenye kufuli.

NipoNipoTu
Iko wapi?

Mwalimu_Ngeli
LIKO.

ShimoLaOOM
@KisiwaChaMaandishi na kumbukumbu? Kuna mtu juzi ameniandikia "makumbukumbu" kwenye maelezo ya pachi, nusura nimwite muuaji.

MtuWaSeva
Jamani wa monita kajibu. Kakubali kupunguza vikundi anavyosoma. Sasa anasoma nusu yake, mara mbili kwa sekunde.