Tupeane uzoefu: shairi lako liliwahi kukataliwa kwa sababu linaeleweka?

Mchele wa Ahero

Wadau, hamjambo. Humu tumejadili bahari na arudhi, yaani aina na kanuni za mashairi, hadi tukachoka. Leo nataka visa tu, yaliyokupata wewe mwenyewe: ulitunga, au mwanafunzi wako alitunga, watu wakaelewa neno kwa neno, wakapiga makofi, kisha mwamuzi akainuka akasema shairi ni jepesi. Na kama wewe ndiye uliyewahi kusema ni jepesi, karibu pia, kiti kipo.

Nianze. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili kaunti ya Kisumu, jina nalihifadhi. Binti wa kidato cha tatu aliniletea shairi la kukariri kwenye tamasha. Mamake huuza omena, wale dagaa wa ziwani. Ubeti wa pili huu hapa, kwa idhini yake:

*Omena kaianika, kwenye nyavu ufuoni,*
*Wingu likakusanyika, akatazama angani,*
*Hakulia hakucheka, alipiga goti chini,*
*Akazoa kwa haraka, karo yangu mikononi.*

Ukumbi ulinyamaza. Alipomaliza mshororo wa nne, kina mama wa jikoni waliokuwa wamesimama mlangoni wakapiga vigelegele. Maoni ya mwamuzi: lugha ya kawaida mno, haina tamathali za usemi, inafaa shule ya msingi. Aliyetuzwa alikariri kuhusu "kiza cha nafsi" na "mifupa ya wakati". Baadaye nilikaa na mwalimu wa huyo aliyetuzwa tukila mandazi, nikamwomba anifafanulie ubeti wa kwanza. Akacheka: "Madam, hata mimi niliutunga usiku, sikumbuki nilikuwa nawaza nini." (Hayo ya walimu kuwatungia wanafunzi tuyaache, ni uzi mwingine na utatugombanisha.)

Haya, nani anafuata?

Nyar Dunga

Madam, eti hamna tamathali? "Karo yangu mikononi" ni nini basi? Mtoto ameangalia omena, akaona karo. Kwa ninyi wa milimani msiojua: omena ikinyeshewa kabla haijakauka, bei inaanguka siku hiyo hiyo, inaishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo yule mama akizoa mbio, anazoa muhula mzima. Mwamuzi hakukosa tamathali, alikosa kukaa ufuoni.

Boda wa Kibuye

Sijasoma yote lakini huo ubeti nimeutuma kwa kundi la stage yetu. Mmoja ametoa machozi. Mnajua vile sisi hujifanya ngumu.

Mizani Kumi na Sita

Mwalimu, mwanangu, kisa chako kimenigusa, ila naona lawama inaelekea kutuangukia sisi wa vina na mizani, yaani silabi za mwisho zinazofanana na hesabu ya silabi katika kila kipande, kwamba ndio wenye kufunga mlango. Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu, na nimetunga tangu ujana. Nawaambieni, ugumu haukuletwa na vina.

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyekufa mwaka 1840, mashairi yake hayakuwa na kitabu. Yalikaa vinywani mwa watu, na yaliponakiliwa baadaye yalitolewa katika kumbukumbu. Yangekaaje vichwani kama hayana mizani ya kuyashika? Kina kinamsaidia msikilizaji kuliko kinavyomsaidia mtunzi. Mzee asiyejua kusoma alikuwa akikukosoa papo hapo: "Hapo mizani imezidi." Hakuhitaji shahada.

Uzoefu wangu ndio huu. Zamani nilikuwa nikipeleka mashairi kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo. Likichapishwa, wiki zinazofuata unasubiri jibu. Mtu usiyemjua, yuko Lamu au Tanga, anakujibu kwa vina vyako mwenyewe, na mwingine anaingilia kati kuamua. Kinyozi wangu alikuwa akiyakata yale mashairi na kuyabandika ukutani, wateja wanagombania nani kashinda malumbano. Pale kwa kinyozi hakuna aliyeuliza kama shairi ni jepesi. Waliuliza kama limejibu hoja.

Kisha wakaja watu wa vyuo vikuu, wakatuambia vina ni minyororo. Wakaandika mashairi ambayo kinyozi wangu hakuweza kuyasoma kwa sauti wala kuyajibu. Sasa nani hapo ndiye mbaguzi?

Kijana wa Bondeni

Shikamoo mzee. Bondeni ya Nakuru hapa, si mbali na kwenu kwa desturi. Nakuheshimu lakini hapo kwa "watu wa vyuo" nitakupinga kidogo.

Mshairi Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili letu, upande wa Tanzania. Alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, katika utangulizi alieleza kwamba anataka kutumia lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku. Yaani sababu yake ilikuwa hiyo hiyo yako! Alitaka kumkaribia mtu. Na aliambiwa nini? Kwamba huo si ushairi. Mgogoro ule ulichukua miaka.

Mimi pia yamenipata, na kutoka pande zote mbili. Nafanya ushairi wa jukwaani. Jioni moja, hapa hapa Nakuru, nilisimama nikasoma kipande kuhusu vijana wanaosubiri kazi ya kibarua kwenye mashamba ya maua kule Naivasha. Mzee mmoja wa meza ya mbele akaniuliza kabla sijashuka: "Kina cha kati kiko wapi?" Nikamwambia hakipo. Akafunga daftari. Sikukata tamaa, nikaenda kwenye hafla ya wasomi, watu wa ushairi huru usiofungwa na vina, nikijua hapo niko nyumbani. Mhadhiri akanisikiliza kwa adabu, akasema kazi yangu ina "nguvu ya mtaani" lakini inafafanua kila kitu, haimwachii msomaji kazi. Mwenzake akaongeza kwamba ingefaa ndani ya matatu.

Ingefaa ndani ya matatu! Nilienda nyumbani nikiwa nimefurahi, wao walidhani wamenitukana.

Halafu mzee, swali kwa heshima. Diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ina vina na mizani safi kabisa, lakini ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mimi wa bara nilikuwa nasoma mshororo mmoja huku kidole kiko kwenye kamusi. Uwepesi ni wa nani hapo?

Mizani Kumi na Sita

Ni wa Mombasa, na hakukosea. Aliandikia gerezani, kwa sababu ya karatasi aliyoichapisha mwaka 1968 akiuliza Kenya inakwenda wapi. Aliwasemesha watu wa nyumbani kwao kwa lahaja yao. Ukitaka kumfuata, jifunze. Mbona Kiingereza mlijifunza?

Na marahaba.

Wa Kanduyi

Nafurahia huu uzi lakini naona mnaelekea kusema kwamba kitu cha watu lazima kiwe rahisi. Kwetu Bungoma sivyo.

Mzee wa heshima akifa, baada ya mazishi kuna kumuse. Anaitwa msemaji, anasimama mbele ya umati, anatembea huku na huku na fimbo yake, anataja ukoo, vita, uhamaji, methali, maonyo. Saa nyingi. Unakaa chini, hupiti mbele yake, hupigi kelele. Nilipokuwa mdogo, nilishika pengine robo ya aliyosema. Babu yangu alikuwa akinieleza jioni: "Pale alipotaja fisi, alikuwa anamsema fulani."

Ule ni ugumu mkubwa kuliko "mifupa ya wakati". Lakini hakuna mtu pale aliyejiona mjinga, kwa sababu ukiuliza unaelezwa, na ukikua utaelewa zaidi. Aliyezungumza alikuwa na kitu mkononi. Mimi kipimo changu kiko hapo: nikimuuliza mtunzi "ulimaanisha nini?" ana jibu? Yule mwalimu wa mandazi hakuwa nalo.

Nyar Dunga

Na kwa ohangla, ngoma yetu Wajaluo, kuna pakruok. Mtu anatoa pesa, ngoma inasimama, anajisifu yeye na mamake na marafiki zake mbele ya watu wote. Sifa ikiwa na utamu, ukumbi unalipuka. Ikiwa chapwa, unarudi kukaa na pesa zimeenda. Hao ndio waamuzi ninaowaogopa mimi.

Mwamuzi Mtoro

Nimesoma kimya kimya, sasa nijitokeze, maana nimekuwa upande wa pili wa meza kwa miaka na nimeacha kwa hiari.

Mnamchora mwamuzi kama mtu wa mabavu. Hebu kaa kwenye kile kiti. Asubuhi hadi jioni, shule baada ya shule, na mada zinajulikana kabla hawajapanda jukwaani: dawa za kulevya, mimba za mapema, ufisadi, mazingira. Kila shairi lina "vijana tuamke". Kila shairi lina mtoto anayeanguka magotini mshororo wa mwisho. Yote yanaeleweka! Yanaeleweka sana hadi unaweza kumalizia mshororo kabla ya mkariri. Baada ya saa tano za hayo, mtu akikuletea "kiza cha nafsi" unashtuka, unadhani umepata maji jangwani. Sitetei alama ile, naeleza inavyotokea.

Sasa madam, lile la omena si jepesi kwa maana ile ya "vijana tuamke". Hakuna anayeweza kubashiri "karo yangu mikononi". Mwamuzi mchovu aliyaweka yote mawili katika kapu moja kwa sababu yote hayamhitaji kamusi. Hapo ndipo nakubali kuna tatizo, na si la mtu mmoja. Tumefunzwa kusoma shairi kwa kutafuta kilichofichwa. Kisipofichwa tunakosa la kufanya na kalamu.

Ila msije mkaniambia makofi ndiyo kipimo. Nimeona mkariri akitoka machozi ya bandia, ukumbi mzima unalia naye, na shairi lenyewe ukilisoma kwenye karatasi halina kitu.

Flamingo Mstaafu

Mwamuzi amesema jambo. Nilifundisha Nakuru hadi nikastaafu, na nimetayarisha watahiniwa wa Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi katika mtihani wa kidato cha nne, kwa miaka mingi. Swali la ushairi linakuja: taja bahari, eleza muundo, onyesha uhuru wa mshairi, kisha andika ubeti wa tatu katika lugha ya nathari, yaani maelezo ya kawaida. Mtoto anajifunza kwamba shairi ni fumbo, na ukishalifumbua umemaliza nalo. Siku moja niliwapa darasa shairi lililo wazi kabisa, nikawauliza swali hilo la nathari. Walikasirika! "Mwalimu, tuandike nini na limeshasema?" Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizofundisha, kwa sababu ilibidi tuzungumzie sauti, pumzi, na kwa nini neno liko pale lilipo.

Ninyi wa Kisumu mnasahau mlichonacho. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alifanya kazi hapo mjini kwenu miaka ya sitini, idara ya masomo ya ziada ya chuo kikuu, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa la Kisumu. Wakati huo shairi lake refu Song of Lawino lilikuwa limetoka miaka miwili tu. Kwanza alilitunga kwa Kiacholi, kwa mapigo ya nyimbo za kwao, na anayesema humo ni mwanamke wa kijijini anayemcheka mume aliyemezwa na vitabu. Mwanafunzi yeyote ataelewa Lawino analalamikia nini. Na maprofesa bado wanaandika juu ya shairi hilo.

Mizani Kumi na Sita

Mwamuzi anataka jambo la kufanya na kalamu? Nampa. Mwalimu, mwambie binti: mshororo wa tatu, "alipiga goti chini". Kaianika, likakusanyika, akatazama, akazoa. Mtiririko wote ni wa -ka-, kisha ghafla "alipiga". Angesema "akapiga goti chini", mizani ni ile ile nane. Hivyo ndivyo shairi lililo wazi linavyohukumiwa. Hakuna pa kujificha, kila ufa unaonekana.

Mchele wa Ahero

Mzee, nimemsomea. Amefikiri kidogo, akanijibu kwamba "alipiga" aliiacha makusudi. Mama alisimama kwanza. Hakutaka mshororo ukimbie kabla mama hajaanza kukimbia.

Mizani Kumi na Sita

Sikubaliani naye. Mwambie aniandikie mwenyewe, kwa vina, tulumbane.

Kijana wa Bondeni

Mimi niko upande wa binti, na mniweke kwenye orodha ya watazamaji.

Mama Watatu

Samahani wandugu, niko Mumias, naona mnajua haya mambo. Mtoto wangu wa gredi ya sita ameambiwa alete shairi Ijumaa. Vina ni lazima?

Mizani Kumi na Sita

Lazima.

Kijana wa Bondeni

Si lazima, mama.

Wa Kanduyi

Muulize mwalimu wake, maana ndiye atakayeweka alama. Halafu mtoto amuulize nyanya yake kitu cha kutungia.

Mwamuzi Mtoro

Na chochote atakachochagua, nawasihi, isiwe dawa za kulevya.