Mrejesho: yale majipu ya binti yangu

Niliuliza kuhusu majipu ya binti yangu, mgongoni na kiunoni, kila moja na kitundu katikati, na usiku analia kwamba kuna kitu kinatembea ndani. Wengi mlisema ni joto la Kisumu.

Si majipu. Ni mabuu ya nzi wa tumbu. Daktari wa zahanati alipaka mafuta ya mgando juu ya kila kitundu, maana buu hupumulia hapo. Likikosa hewa linachomoza. Akabana kwa vidole gumba pande zote mbili, polepole, likateleza nje zima zima: jeupe, nene, na viiba vyeusi mwilini. Mama mkwe alitoka nje, simlaumu.

Mliopendekeza wembe, hapana jamani. Likipasukia ndani, uvimbe unazidi na usaha unaweza kufuata.

Chanzo ni nguo. Huyu nzi hatagi kwenye ngozi; hutaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, au kwenye mchanga wenye mkojo. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, buu likigusa ngozi linajipenyeza bila mtu kuhisi, kisha linakaa humo siku 8 hadi 12 hivi. Kwetu kamba ilikuwa chini ya mwembe. Tumeihamishia juani, na kila kitu kinapigwa pasi ya moto, hata chupi na leso, hasa kwenye mishono.

Vidonda vimefunga. Aliyeuliza kuhusu mbwa: ndiyo, nao hushikwa. Wetu alikuwa nayo miguuni, tunamshughulikia.