Mjadala: hizi herufi nne zimpangie mtu kazi?

Binti Langoni: Wana Lamu hebu nisaidieni. Hoteli moja Shela (jina naliweka) imewajazisha wafanyakazi testi ya tabia ya MBTI, ile inayogawa watu mafungu 16, kila mtu kapewa herufi zake nne. Shoga yangu katoka "I", ati mtu wa kujifungia, basi katolewa risepsheni kapelekwa stoo kuhesabu mashuka. Na huyu arusini vugo halimtoki mkononi! Hata wenye testi yao wanasema isitumike kuajiri watu. Mwaonaje?

Mzee wa Baraza: Jipya liko wapi? Wazee walihesabu jina lako na la mamako wakakwambia wewe nyota yako Simba ama Nge, mkali ama mpole, na umuoe nani. Vijana mkacheka. Mwaka 1948 huko Marekani mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake testi kisha kila mtu akapewa maelezo yake "mwenyewe", wakayapa wastani wa 4.26 kwa 5, kumbe wote walipewa maneno yale yale, tena yametolewa kitabu cha nyota.

Nahodha Mdogo: Shikamoo mzee, lakini nyota hukuulizwa chochote, hapa unajibu mwenyewe. Mi nikirudi baharini nataka kimya, mke wangu anataka stori, miaka yote anadhani nimenuna. Tulijaza pamoja tukibishana swali kwa swali mpaka chai ikapoa, na tangu siku ile naachiwa nioge nile kwanza ndo maneno yaanze. Najua walioitunga, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, hawakusomea saikolojia, walichukua mawazo ya 1921 ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, wakayafanyia maswali, lakini nyumbani kwangu imefaa.

Binti Langoni: Imefaa kwa sababu mlibishana kaka, na hakuna aliyemhamisha mwenzake kazi. Testi yenyewe inakukata, ama I ama E (mtu wa kuchangamka na watu), na watu wengi wako katikati, ndo maana mtu akirudia wiki chache baadaye anaweza kutoka herufi nyingine. Wanasaikolojia wengi wanaona afadhali ile ya sifa tano, Big Five, ambayo inakuonyesha uko kiwango gani tu bila kukutia fungu. Sasa shoga kaambiwa anaweza kurudia, arudie?

Mzee wa Baraza: Arudie, na kila swali ajibu vile meneja anavyopenda, atatoka E kabla ya adhuhuri.