Naomba ushauri: nikisachi kitu kwenye masoko ya mtandaoni naletewa vitu vingine kabisa

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu imenichosha kweli. Natafuta chaja ya laptop, volti 19.5, wati 65, ile yenye pini nyembamba ya milimita 4.5 na kasindano katikati, naandika yote hayo halafu naletewa chaja za simu, mabegi, mpaka stika za kibodi. Zile za juu kabisa ukikodoa macho unaona kaandishi kamefifia "tangazo", yaani muuzaji kalipia akae pale, siyo kwamba anacho nilichoomba.

Nikipanga kwa bei ya chini ndo balaa, naona bei nzuri nafungua, kumbe ni bei ya waya mtupu uliowekwa ukurasa mmoja na chaja, ukichagua chaja yenyewe bei inaruka. Wengine wanajaza majina ya laptop zote kwenye kichwa cha bidhaa ili watokee tu. Wiki iliyopita nimeletewa yenye pini nene ya milimita 7.4, haiingii, na laptop ndo kazi yangu jamani.

Nimejaribu kuweka alama za nukuu ili itafute maneno yangu kama yalivyo, nikajaribu na alama ya kutoa (-) kabla ya neno "simu" ili za simu zisitokee, kuna sehemu inakubali kuna sehemu haijali kabisa. Nyie mnafanyaje? Kusachi kwa ile namba iliyoandikwa kwenye chaja ya zamani inasaidia? Au bora nipitie Google kwa kuandika site: na anwani ya soko lenyewe, ili itafute humo tu? Hii chaja ninayotumia sasa nimeazima, mwenyewe anaitaka kesho.