Mapambo ya Krismasi: nibebe au ninunue Kariakoo?

Habari zenu ndugu. Mwaka huu, Mungu akipenda, narudi Dar kula Krismasi kwa mama, Tabata. Ni miaka sita sijakanyaga. Nina boksi la mapambo waliyotengeneza wanangu shuleni, na taa tulizonunua huku. Kilo zimeshanibana. Mliokwisha kujaribu, nibebe kipi?
– Dada yenu, Houston

*

Dada, karibu nyumbani. Mapambo njoo nayo, taa ziache huko huko. Anayekwambia hivi aliziunguza mwenyewe.

Mwaka tuliorudi kutoka Minnesota nilishuka na kamba tatu. Nikanunua adapta, nikajiona fundi. Kumbe adapta inabadilisha pini tu, umeme haiugusi. Marekani ni volti 120, hapa 230. Zile taa ndogondogo za kizamani zimeungwa kwa mfuatano, balbu 50, kila moja ya volti 2.5. Piga hesabu: huko zinatosheana, hapa kila balbu inapewa karibu mara mbili ya haki yake. Basi zikawaka! Sebule ikawa nyeupe, watoto wakapiga makofi, mara giza na harufu ya plastiki. Pamba tuliyobandika kwenye mti iwe theluji (ndiyo, na joto lote hili) ilikuwa imeshababuka pembeni. Mama mkwe akapunguza sauti ya tamthilia yake, akauliza kwa upole, "Hii ndiyo Krismasi ya Marekani?"

Transfoma ya kushusha umeme ipo, ila ni zito kama tofali. Nunua taa za LED Kariakoo, na mwambie muuzaji azichomeke uzione zikiwaka kabla hujatoa hela.

Lakini kilichoniuma siyo taa. Binti yangu alikuwa na nyota ya unga na chumvi, aliitengeneza chekechea, katikati kuna alama ya kidole gumba chake. Minnesota ilikaa miaka minne, ngumu kama kigae. Hapa wiki ya pili ikaanza kutoka jasho, ncha moja ikalegea, asubuhi moja tukaikuta chini, sisimizi wameizunguka. Chumvi inavuta unyevu. Si unajua hapa tunatia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isigande? Kama una vitu vya namna hiyo, vipake vanishi kote, na nyuma pia, na ukishashusha mti viweke kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na mchele mkavu.

Vya kioo vifunge kwenye soksi na khanga. Mifuko ya plastiki usije nayo, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, utaiacha uwanja wa ndege.
– Mbezi Beach

*

Sisi wa Uingereza tunawaangalia tu. Umeme ni 230, plagi ni hii hii ya pini tatu. Taa zangu zinawaka Kimara mwaka wa nne sasa.

Adui yangu mimi ni pangaboi. Nilining'iniza tepe za kung'aa darini, na kwenye mojawapo nikafunga kengele ya kioo ya marehemu bibi. Mjomba akaingia anatweta kwa joto, akawasha namba tano bila kuangalia juu. Tepe zilivutwa zote. Vipande vya kengele nilikuwa nikiviokota chini ya kochi hadi Pasaka.
– Mdogo wenu, Leeds

*

Nimeelewa, taa zinabaki. Ila kaka wa Mbezi, mtoto mlimwambia nini kuhusu nyota yake?
– Houston

*

Tulimwambia imeyeyuka. Akauliza kama sembe inafaa kutengenezea nyingine. Haifai, inapasuka. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kimoja au pungufu kidogo. Kidole gumba cha sasa ni kikubwa, kimekula karibu nusu ya nyota.
– Mbezi Beach